Bi. Somoe Hajaridhia Bado

Wenzangu mnaobaki ofisini mmeniomba niandike mawili matatu kuhusu miaka yangu ya kupokea malalamiko ya wanunuzi, na mkaongeza kwa adabu kwamba nisiwe mrefu. Nitajitahidi. Vyeo nilivyopanda na mshahara nilioupokea havitamfaa mtu, nami mwenyewe nimekwisha kuvisahau. Ninachokumbuka ni sauti: redio zinazokoroma, pampu zinazokohoa pasipo kutoa maji, cherehani zinazoruka mishono, na kile kimya cha mtu aliyeketi mbele yako akiwa na kitu kibovu mapajani, hajui kama anayo haki ya kukasirika. Tangu nistaafu, sauti hizo hunijia mchana, nikiwa nimejinyoosha barazani kwangu hapa Kibiti baada ya chakula, na mara nyingi siwezi kusema kama nakumbuka au naota.

Nilianzia Utete, kwa sababu wakati huo Kibiti haikuwa bado wilaya yenye ofisi zake. Nilitoka chuoni na cheti cha biashara na sheria, pamoja na viatu vya kisigino ambavyo mchanga wa Utete ulivimeza tangu nashuka garini. Kutoka dirisha la ofisi mto ulionekana ukipita taratibu, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, kama kitu kisichokuwa na haraka ya kufika baharini. Nilidhani kwamba mahali penye mto wa namna hiyo watu hawawezi kugombana. Kabla ya adhuhuri aliingia mkulima kutoka Mkongo akiwa amebeba pampu begani, akaibwaga mezani kwangu, ikanimwagia oili kwenye sketi.

“Imekufa,” alisema. “Na wala haikuugua.”

Nilimsomea vifungu vya sheria. Nilivijua kwa moyo, na nilivisoma vizuri. Yule bwana alinisikiliza kwa heshima kama mtu asikilizaye hotuba ya Ijumaa kwa lugha asiyoifahamu, kisha akamgeukia aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, Bwana Mkumba, aliyeketi meza ya pili.

Bwana Mkumba alikuwa na kipaji cha kusinzia akiwa wima, kalamu mkononi, hivi kwamba wageni walidhani anatafakari. Alifungua macho na kuuliza swali moja tu: “Ulipokwenda dukani, ulimwambia muuzaji unaitaka kwa kazi gani?”

“Nilimwambia nataka kuvuta maji mtoni yapande juu ya kingo mpaka shambani.”

“Naye akakupa hii?”

“Hiyo hiyo.”

“Hii ni ya kuvuta maji kisimani kwa mtu mwenye bustani ya mchicha,” alisema Bwana Mkumba, akafumba macho tena. “Binti, andika hilo. Hilo la mtoni na kingo. Ndiyo kesi yenyewe.”

Yule mkulima alibadilishiwa pampu, nami nikajifunza kazi. Sheria ya mauzo, mkiiondolea mapambo yake, inauliza mambo matatu. Je, kitu kinafanana na kilivyoelezwa? Je, kina ubora wa kawaida ambao mtu yeyote angeutarajia? Na kama mnunuzi alimweleza muuzaji kazi anayokitakia, akautegemea ujuzi wake, je, kinaifaa kazi hiyo? Lakini majibu hayamo ndani ya pampu. Yamo katika maneno machache yaliyosemwa kaunta, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao. Bwana Mkumba alikuwa akisema kwamba bidhaa huharibika baadaye, ila mauzo huharibika palepale. Kwa hiyo msianze kuuliza “Umenunua nini?” Anzeni na “Mlisemaje?”

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na tochi, bisibisi, kipande cha waya wenye taa ya kupimia betri, na baadaye sana tulipata maikromita, kile kifaa kidogo cha kupimia unene, ambacho niliomba kwa barua hadi karani aliyeziandika barua hizo akachoka kuliko mimi. Kilipofika kutoka Dar es Salaam kilisajiliwa mali ya ofisi pamoja na ndoo na fagio, nacho kikakaa kwa muda mrefu kikiheshimiwa kuliko fagio na kutumika kidogo kuliko ndoo. Mtakikuta kwenye droo ya kulia. Kikaushieni unyevu, hewa ya huku ina chumvi hata mbali na bahari.

Kisha kuna kile kibao. Hakuna duka kuanzia Ikwiriri mpaka Kibiti lisilokuwa nacho: “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Kinaandikwa kwa rangi nyekundu, na aghalabu kwa hati nzuri kuliko jina la duka. Waelezeni watu bila kuchoka kwamba kibao hicho kina nguvu juu ya aliyebadili mawazo, aliyenunua kitenge cha kijani kisha akakitamani cha bluu. Hakina nguvu juu ya kasoro. Muuzaji hawezi kuiondoa haki ya mnunuzi kwa rangi ya ukutani.

Ila niligundua mapema kwamba kibao hakikuwa adui yangu mkubwa. Adui yangu, kama naweza kuliita hivyo neno zuri namna ile, alikuwa ni “nimeridhia.”

Ninyi mliotoka mbali mtakuwa mmelisikia. Kwa watu wa huku, Wamatumbi kwa Wandengereko, biashara ya kitu kikubwa haiishii kwenye risiti. Muuzaji humtazama mnunuzi na kumuuliza, “Umeridhia?” Mnunuzi hujibu, “Nimeridhia.” Muuzaji husema, “Halali yako,” na mambo huishia hapo, mbele ya Mungu na mbele ya waliopo. Ni desturi ya kupendeza. Mtu huondoka na kitu chake moyo ukiwa mweupe. Lakini kitu hicho kikiharibika, mnunuzi hatafuti risiti. Hukaa kimya, kwa kuwa amekwisha kutoa neno lake, na kulalamika huona ni kulitemea mate. Sijui ni malalamiko mangapi yamezikwa chini ya neno hilo. Waliozikwa nayo hawakuja kunieleza.

Bi. Somoe naye hakuja. Mimi ndiye niliyemwendea, na wala sikuwa nikimtafuta.

Wakati huo nilikuwa nimehamia ofisi ya Kibiti, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda Mbwera, ndani ya Delta, pale mto unapogawanyika kuingia baharini, kuzungumza na kina mama juu ya haki zao za ununuzi. Boti ya mashine ilituchukua Nyamisati maji yakijaa, ikapenya kwenye mifereji ya mikoko ambako kila kona inafanana na iliyotangulia, na baada ya muda mtu huacha kujiuliza anakwenda wapi. Mizizi ilisimama majini kama vidole. Ndege weupe walihama tawi moja kwenda jingine, bila kelele, mbele yetu tu, kana kwamba wametumwa kutuongoza. Nilifika nimelewa mwanga. Mkutano ukaenda vizuri. Walipiga vigelegele nilipowaambia juu ya kibao, wakauliza maswali mengi kuhusu betri za sola. Maji yakapwa, boti ikakaa kwenye tope, nami nikawa mgeni wa Bi. Somoe hadi yatakapojaa tena.

Alikuwa mjane aliyenizidi umri, mkulima wa mpunga, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayecheka ndani kwa ndani. Nyumba yake ya zamani ilichukuliwa na mafuriko, akajenga nyingine kwenye ardhi ya juu. Alinipa wali na kamba wa nazi, kisha akanitandikia mkeka sebuleni. “Lala, mwanangu. Boti haitakwenda bila weye. Imekwama kuliko weye.”

Nilijilaza. Katika hali ile ya katikati, macho nusu, nikaona mkeka mzima umejaa vidoa vya mwanga, vidogo, mviringo, kana kwamba mtu amemwaga shanga. Vilikuwa kwenye mikono yangu, kwenye ukuta, kwenye magunia ya mpunga yaliyopangwa pembeni. Jua liliposogea, navyo vilisogea, vyote kwa pamoja, polepole sana, mpaka nikahisi ni nyumba inayosogea na vyenyewe vimesimama. Nililala ndani ya uzuri ule. Nilipoamka kimoja kilikuwa jichoni mwangu, na hapo ndipo ofisa aliyemo ndani yangu alipoamka pia, nikatazama juu.

Bati lote lilikuwa limetobolewa na kutu.

“Mama,” nilimwita, “hii paa ina miaka mingapi?”

“Mingapi! Imeona masika mbili tu.”

“Na hukwenda kusema?”

“Nikaseme nini? Ni chumvi, mwanangu. Chumvi ya huku inakula hata sufuria.” Alikuwa akipepeta mchele mlangoni, hakuacha. “Na hayo ni mabati ya maana. Miye niliomba ya geji ishirini na nane, kama fundi alivyonielekeza. Haji Mbonde, Mungu amweke, akanipa thelathini na mbili. Kwa bei ileile.”

Niliketi. Ninyi mnajua tayari, lakini watakaosoma baadaye huenda wasijue, kwa hiyo naeleza. Namba ya geji ya bati hupanda kadiri bati linavyopungua unene. Ishirini na nane ni nene; thelathini ni jembamba; thelathini na mbili ni jembamba zaidi. Lakini nani angedhani hivyo? Kilo thelathini na mbili ni nyingi kuliko ishirini na nane. Hata miaka na watoto huhesabiwa hivyo. Katika wilaya nzima, mtu asiyekuwa fundi huipokea geji kubwa kwa furaha.

“Mama, thelathini na mbili ni jembamba kuliko ishirini na nane.”

Ungo ulisimama. “Namba inapanda, bati linashuka?”

“Ndivyo.”

“Nani kapanga hivyo?”

“Waliotengeneza vipimo. Nilielezwa kwamba chuma kikipitishwa na kukandamizwa mara nyingi, namba inaongezeka nacho kinakuwa chembamba. Kama chapati unavyoisukuma.”

“Basi waliopanga walikuwa na usingizi,” alisema. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akatazama magunia ya mpunga. Ule ndio uliokuwa mwaka wake wote: chakula chake, na mbegu ya msimu ujao. Msimu uliopita matundu yalikuwa machache, aliyategea mabakuli. Kwa masika iliyokuwa ikija, hata mabakuli ya kijiji kizima yasingetosha. Mbegu ikilowa inachipua guniani, na asiye na mbegu hana shamba, hata kama ardhi ipo.

Nilimwambia aje Kibiti, tumwone Haji. Alikataa. Nilimsomea sheria, kwa Kiswahili chepesi safari hii. Alikataa tena, kwa upole, kama anayenikatalia kikombe cha pili cha chai.

“Aliniuliza mbele ya watu, ‘Umeridhia, Bi. mkubwa?’ Nikasema nimeridhia. Tena nikamwombea. Nikanyanyua mikono miwili, nikasema Mungu akuongezee kama ulivyoniongezea. Leo niende nikaseme nini? Kwamba miye muongo?”

“Uliridhia kitu ulichodhani ni kinene.”

“Nilisema nimeridhia. Sikusema nimeridhia kama.”

Vidoa vya mwanga vilipanda ukutani na kuanza kufifia. Maji yalikuwa yamerudi. Nilisikia watu wakiitana kule kwenye boti. Bi. Somoe aliinuka, akaingia chumbani, akatoka amejifunga khanga safi na kikapu mkononi.

“Siendi kushtaki,” alisema. “Nakwenda kuuliza. Kuuliza si kuvunja neno.”

Kesho yake tulifika Kibiti. Duka la Haji Mbonde lilikuwa kando ya barabara kuu, pana, lenye harufu ya rangi na saruji. Haji mwenyewe alikuwa mtu wa bashasha, mnene kidogo, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa, na nitasema wazi kwamba nilimpenda. Alikuwa akikopesha misumari kwa watu ambao hata mimi nisingewakopesha kiberiti. Kaunta ilikuwa imejaa watu.

“Afisa!” alisema akiniona. “Leo umekuja kununua au kunitisha?”

“Nimemsindikiza mteja wako.”

“Bi. Somoe! Karibu, karibu. Shikamoo dada yangu. Habari za Delta?”

“Marahaba. Delta salama. Ila nyumbani kwangu jua linaingia bila hodi.”

Watu wakacheka, naye Haji akacheka, lakini macho yake yalikuja kwangu. Nilimweleza: paa, kutu, misimu miwili. Alinyanyua kidole bila kugeuka, akakielekeza kwenye kibao chekundu nyuma yake.

“Kibao hicho hakihusu kasoro, Haji, nawe unajua. Nimekwisha kukueleza.”

“Kasoro ipi, Afisa? Chumvi ya Delta mimi sikuiweka.”

Hapo nikauliza swali la Bwana Mkumba. “Alikwambia anakwenda kuezeka wapi?”

Alisita. “Alisema Mbwera.”

“Na alikuomba geji gani?”

“Ishirini na nane. Lakini nilimwambia wazi! Nilisema, nakupa thelathini na mbili. Sikuficha. Waulize waliokuwepo. Sikusema uongo hata herufi.”

Na kweli hakusema. Hapo ndipo penye ugumu wa kesi ile, na ndiyo sababu naiandika hii badala ya nyingine nyingi ambazo muuzaji alikuwa mwizi tu. Nilimweleza kwamba mnunuzi akishaipokea mali na kuitumia, hawezi kuitupa mlangoni kwa muuzaji kana kwamba ni siku ya kwanza. Lakini fidia ya kitu kisichofaa kazi iliyotajwa bado anaweza kuidai, na muda wa kudai haukuwa umepita. Nilimwambia kwamba nitaandika, na kwamba hakimu atauliza nilichouliza mimi. Alijibu kwamba hakimu naye atauliza kama mama aliridhia. “Aliridhia au hakuridhia? Nasema uongo, dada?”

“Husemi uongo,” alisema Bi. Somoe. “Niliridhia.”

Nilihisi kesi ikinitoka mkononi. Mteja wangu mwenyewe alikuwa ameikabidhi. Mtu mmoja nyuma yetu aliguna, mwingine akaagiza kilo ya misumari, kana kwamba shughuli imekwisha.

“Ila nina swali, Haji,” aliendelea Bi. Somoe. “Siku ile ulipotamka thelathini na mbili, nilifurahi. Uliniona nafurahi?”

“Nilikuona.”

“Nikanyanyua mikono, nikakuombea. Uliniona?”

“Nilikuona.”

“Weye ukasemaje?”

Haji alichukua tambara akaanza kufuta kaunta, mahali pasipokuwa na vumbi. Feni ya dari ilizunguka. Mtu wa misumari alisahau misumari yake.

“Ukasemaje, Haji?”

“Nikasema amina.”

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini lilisikika mpaka nje kwa waendesha bodaboda.

“Basi,” alisema Bi. Somoe, “miye mabati sidai. Nirudishie dua yangu.”

“Dada yangu…”

“Nilikuombea kwa jambo ulilonifanyia, kumbe hukulifanya. Dua yangu unayo. Imekaa kwako misimu miwili. Nirudishie niondoke, boti isiniache.” Akanyanyua macho kwenye maandishi mekundu. Kusoma alijua. “Au nayo ikishatoka hairudishwi? Pale pameandikwa bidhaa. Miye sikukuuzia bidhaa.”

Nimehudhuria mashauri mengi, nimesikia mawakili kutoka mjini wakizungumza kama maji ya bomba, lakini swali kama lile sijapata kulisikia mahakamani. Haji aliwaomba wateja wampishe kidogo. Alipoketi, kofia ilikuwa mkononi.

“Ishirini na nane zilikuwa zimekwisha,” alisema, akimwambia yeye, si mimi. “Nawe ulikuwa umekwisha kukodi boti, unahofia maji. Nikasema nikupe hizi, nikuelezee, nikupunguzie bei. Wallahi nilikuwa nakuelezea. Ukanyanyua mikono kabla sijamaliza. Watu wamejaa, kila mmoja anasema mashaallah, Haji mtu mwema. Nikashindwa kukukatiza.”

“Ulishindwa kukatiza au uliona tamu?”

“Niliona tamu,” alisema Haji.

Kuna wakati kazi ya ofisa ni kukaa kimya kwa namna ya kiserikali. Haji aliagiza mabati ya ishirini na nane yaliyopakwa dawa ya kuhimili chumvi, akalipia usafiri na fundi, na yale makuukuu akayachukua. Nilikwenda naye Mbwera siku ya kuyapeleka, nikayapima kwa ile maikromita moja moja, kwani imani ni imani na unene ni unene. Fundi alimaliza jua likiwa bado juu. Ndani mkawa na giza jema, la ubaridi, lisilo na tundu.

Haji alisimama mlangoni akijifuta jasho. Alikuwa ametokwa na fedha nyingi na alionekana mwepesi kwa sababu hiyo. “Haya, dada,” alisema. “Umeridhia?”

Bi. Somoe aliingia, akatazama juu, akazunguka chumba kwa chumba, akatoka.

“Bado,” alisema. “Ngoja inyeshe.”

Nataka mfahamu alichokuwa amemfanyia. Mtu wa huku hawezi kuihesabu biashara kuwa imekwisha mpaka neno lile lisemwe. Haji alirudi Kibiti pasipo neno. Akafungua duka, akauza, akaswali, na neno lake likawa limebaki Mbwera kwa mwanamke mmoja anayepepeta mchele. Anga lilikaa jeupe siku nyingi. Kila niliponunua kitu kwake aliniuliza, “Hajasema?” Nilimjibu hajasema. Alianza kutazama mawingu kuliko wakulima. Nilimkuta mara moja akimshikisha mteja vipande viwili vya bati, cha geji ndogo na cha geji kubwa, akimwambia avibonyeze kwa dole gumba kabla hajamtajia bei, na mteja akilalamika kwamba anacheleweshwa. Kibao hakukiondoa. Alikuwa mfanyabiashara, si malaika.

Kisha mchana mmoja, nikiwa dukani kwake nanunua kitasa cha mlango, Kibiti kulikuwa kukavu kabisa, jua limelala barabarani kama ngozi iliyoanikwa, na upande wa baharini anga lilikuwa la rangi ya wino. Simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Bi. Somoe.

Nilipokea, na sikusikia mtu. Nilisikia mngurumo tu, mzito, sawia, usiokatika. Nikadhani ni mtandao. Nikaongeza sauti, nikaiweka simu juu ya kaunta, na duka likajaa ile sauti mpaka kwenye mifuko ya saruji. Ilikuwa mvua juu ya bati nene. Nyuma yake, mbali sana, kama sauti ya mtu anayezungumza upande wa pili wa usingizi, Bi. Somoe alikuwa akisema kitu, akikirudia.

Haji aliinama hata sikio lake likakaribia kugusa kioo cha simu.

“Amesema?” aliniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba kwa mvua ile sisikii neno hata moja, na nikanyoosha mkono nikate ili tumpigie baadaye, ikishapungua.

Haji aliuzuia mkono wangu. “Usikate,” alisema.